Jumuishi au Shirikishi? Maneno ya Uchaguzi Kutoka Matombo Hadi Akili Unde

Utangulizi

Katika miaka ya karibuni kumezuka fungu la maneno ambalo halina budi kutazamwa na kila mtu ashughulikaye na lugha ya Taifa. Katika semina, katika hotuba na katika maandishi ya maofisa, tunasikia kwamba akili unde itatuletea "uchaguzi jumuishi". Wasemaji wanakusudia kwamba mashine zenye uwezo wa kusikia, kusoma, kufasiri na kujibu zitawafikia wananchi ambao hadi sasa wamekuwa pembezoni: asiyeona, asiyesikia, asiyejua kusoma, akaaye mbali na barabara, na yule ambaye Kiswahili kwake ni lugha ya pili.

Makala haya hayakusudii kuipinga mashine hiyo, wala kuipigia debe. Yanakusudia kuuliza swali dogo la kiistilahi: neno jumuishi linaahidi nini? Tutalijibu kwa njia ya historia, kwa kuyafuata maneno ya uchaguzi jinsi yalivyoingia katika sehemu moja ya nchi yetu, yaani Matombo, katika Milima ya Uluguru. Kila chombo kipya cha uchaguzi kilipoletwa huko kilikuja na maneno yake, na maneno hayo ndiyo yaliyokuwa mlango. Wengine waliingia kwa mlango huo, na wengine walibaki uani.

Matombo kabla ya kura

Matombo iko upande wa mashariki wa Milima ya Uluguru, katika Wilaya ya Morogoro. Barabara itokayo mjini Morogoro hupita Mkuyuni kabla ya kufika huko, ikipanda na kushuka kati ya migomba, michungwa na mashamba ya viungo. Maji ya mabonde hayo huingia katika mto Ruvu, ambao wakazi wa Dar es Salaam huutegemea kwa maji ya kunywa. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni mahali hapo mwishoni mwa karne ya 19, na shule zao ziliwafanya baadhi ya watu wa Matombo wajue kusoma mapema kuliko majirani wengi.

Jina lenyewe lina habari yake. Kwa Kiluguru tombo ni titi, na watu husema kwamba mahali hapo paliitwa hivyo kwa ajili ya vilima vyenye umbo hilo. Neno hilohilo hutajwa pia kwa maana ya tawi la ukoo, kwa kuwa Waluguru huhesabu nasaba kwa upande wa mama. Ukoo mkubwa huitwa lukolo. Ardhi ilikuwa mali ya ukoo, na mkuu wa ukoo ndiye aliyeigawa. Mkuu huyo hakupigiwa kura. Wazee walikaa pamoja wakasemezana mpaka wakubaliane. Aidha, kabla ya ukoloni Waluguru hawakuwa na mtawala mmoja wa milima yote. Cheo cha Sultani wa Waluguru wote kilikuzwa na Waingereza ili wapate mtu mmoja wa kupokea amri na kuzipeleka chini.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru. Wataalamu waliogopa mmomonyoko wa udongo, na hofu yao haikuwa ya bure. Lakini dawa waliyoileta ilikuwa matuta ya ngazi, nayo ililetwa kwa amri. Wakulima walilazimishwa kuchimba ngazi katika miteremko ambayo udongo wake wenye rutuba ni tabaka jembamba, na mara nyingi jembe lilifukia udongo mzuri na kufukua ule usiozaa. Kazi iliongezeka na mavuno hayakuongezeka. Mwezi wa Julai 1955 ghasia zilizuka Matombo. Polisi walifyatua risasi na mtu mmoja akauawa. Baada ya hapo ulazima wa matuta uliachwa.

Kwa mwanaistilahi, jambo la kuzingatia ni hili. Watu wa Matombo hawakuwa wamesahauliwa na serikali ile. Walikuwa wamehesabiwa kwa kodi, mashamba yao yalikuwa yamepimwa, na machifu na mabaraza yaliyotambuliwa yalisemekana kuwawakilisha. Kwa lugha ya leo tungeweza kusema kuwa walikuwa wamejumuishwa. Kitu walichokikosa ni kuulizwa.

Kura, jimbo na kura tatu

Miaka mitatu baadaye likaja neno kura kwa maana yake mpya. Asili ya neno hili ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni kubahatisha: watu hupiga kura ili kijiti au karata iamue nani aanze, au nani achukue fungu lipi. Maana hiyo ya zamani haijafa katika Kiswahili. Basi neno ambalo mababu walilitumia kwa jambo wasiloweza kuliamua wenyewe, ndilo lililochukuliwa kutaja jambo ambalo raia huliamua mwenyewe. Mtaalamu Peter Pels, aliyechunguza kwa kina historia ya Uluguru ya wakati wa ukoloni, ameandika pia juu ya kuingizwa kwa kura ya siri. Si vigumu kuona ugeni wake kwa watu waliozoea kuamua mambo hadharani, kwa maneno, mbele ya wazee wa ukoo. Sasa waliambiwa wakae peke yao na karatasi, wasimwambie mtu.

Neno jimbo nalo limebadilika. Mwaka 1958 Matombo ilikuwa katika Jimbo la Mashariki, na jimbo lilikuwa eneo kubwa la utawala, kubwa hata kupita mkoa wa leo. Siku hizi jimbo ni eneo la mbunge mmoja. Msomaji kijana akisoma kwamba Julius Nyerere aligombea kiti katika Jimbo la Mashariki, aweza kudhani ni eneo la tarafa chache. La hasha. Ilikuwa ni nchi pana, kutoka pwani hadi milimani.

Katika jimbo hilo Nyerere alishindana na Patrick Kunambi, kiongozi mashuhuri wa Waluguru, naye Nyerere akashinda kwa tofauti kubwa. Lakini tutazame ni nani aliyeruhusiwa kuwachagua. Sheria ilimtaka mpiga kura awe na umri wa miaka 21, na juu ya hayo awe amefika darasa la nane, au awe na mapato ya pauni 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000, au awe na cheo kilichotajwa. Mkulima wa migomba wa Matombo hakuwa na shilingi 3,000. Katika nchi nzima, yenye watu wapatao milioni 9, walioandikishwa hawakufika laki moja.

Kisha lilikuwapo sharti la kura tatu. Kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Akimwacha mmojawapo, kura yake iliharibika. Sharti hili liliwaudhi sana wanachama wa TANU, na katika mkutano wa Tabora wa Januari 1958 chama kilikaribia kupasuka kabla ya kuamua kushiriki. Zuberi Mtemvu alijitoa na kuanzisha chama chake.

Twapaswa kuitazama kura tatu kwa makini, maana inafanana sana na fungu la maneno tunalolijadili. Watawala waliitetea kwa hoja ya kuyaleta mataifa yote pamoja. Katika karatasi ile kila rangi ilikuwamo. Kwa maana ya jumla na hesabu, huo ulikuwa uchaguzi jumuishi kuliko yote tuliyopata kuwa nayo! Hata hivyo walio wengi kabisa walikuwa nje ya chumba cha kura.

Kujua kusoma

Uchaguzi wa tarehe 30 Agosti 1960 ulilegeza masharti. Mapato yalishushwa hadi pauni 75, na likaongezwa sharti ambalo lapaswa kukumbukwa na kila mpenzi wa Kiswahili: mtu aliyejua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza aliweza kuandikishwa. Kwa mara ya kwanza lugha yetu ikawa ufunguo wa sanduku la kura. Mluguru aliyefunzwa kusoma katika shule ya misheni, hata kama hakuwa na fedha, sasa alikuwa raia mwenye kura. TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na viti 58 havikuwa na mpinzani.

Lakini ufunguo hufungua na pia hufunga. Mama yake kijana yuleyule, mwenye kujua mipaka ya mashamba ya ukoo kuliko mwanawe, hakujua kusoma, wala Kiswahili hakikuwa lugha ya jikoni kwake. Yeye alingoja hadi uchaguzi wa Rais wa Novemba 1962, kati ya Nyerere na Mtemvu, ndipo kila mtu mzima aliporuhusiwa kupiga kura bila ya kuulizwa fedha wala kisomo.

Jembe na nyumba

Haki hiyo ilileta tatizo la kiufundi: asiyesoma atalitambuaje jina la mgombea? Uchaguzi wa 1965, wa kwanza chini ya mfumo wa chama kimoja, ulilijibu kwa picha. Wagombea wawili waliteuliwa katika karibu kila jimbo. Mmoja alipewa alama ya jembe na mwenzake alama ya nyumba. Vitu hivi vilichaguliwa kwa busara, kwa kuwa hapakuwa na kaya ya Matombo isiyovijua. Wagombea nao hawakukosa maneno. Mwenye jembe alisema kuwa bila jembe hakuna chakula, na mwenye nyumba akajibu kuwa hata mwenye jembe jioni hurudi nyumbani. Uchaguzi ule haukuwa mchezo. Mawaziri wawili walikosa viti vyao, mmoja wao akiwa Paul Bomani.

Kanuni za mwaka ule ziliagiza kwamba kampeni ziendeshwe kwa Kiswahili, tena bila ya kutumia ukabila, dini wala rangi. Sisi tunaotumikia Kiswahili tunaijua faida ya agizo hilo. Taifa lilikuwa changa, na lugha moja ililiokoa na magawanyiko yaliyowapata jirani zetu wengine. Hata hivyo ukweli wapaswa kusemwa wote. Mkutanoni Matombo mgombea alisema Kiswahili, na bibi aliyeketi nyuma alimwuliza mjukuu wake kwa Kiluguru, "Amesema nini?" Mjukuu ndiye aliyekuwa mfasiri wa Taifa, bila mshahara wala semina.

Serikali ilitambua kuwa kutangaza hakutoshi. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 ilifuata kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya, ambayo watu wapatao milioni mbili waliifuata katika vikundi. Redio ilisema kwa Kiswahili kimoja kwa nchi nzima. Kikundi kikakaa chini ya mti, kikasoma kitabu, kikajadili, na mwenye kuelewa akamweleza mwenzake kwa maneno ya nyumbani. Katika historia yote ya vyombo vya kufikia umma hapa nchini, hiki ni kielelezo bora, kwa kuwa chombo kilifuatwa na mazungumzo.

Daftari, vidole na nukta nundu

Tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali ilitoa taarifa yake mwaka 1992. Ilieleza kwamba wengi wa waliotoa maoni walipendelea chama kimoja, nayo ikapendekeza vyama vingi kwa kuheshimu walio wachache. Uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi katika zama hizi ulifanyika 1995. Maneno mengi yaliingia au yalipata nguvu wakati huo: vyama vingi, upinzani, ilani, wakala, ruzuku.

Kati ya maneno ya baadaye, tutazame Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, lililotumika mara ya kwanza katika uchaguzi wa 2005. Daftari ni neno zuri, linalojulikana kwa kila mtu aliyewahi kukopa sukari dukani. Lakini likaambatana na neno uboreshaji. Kila kipindi Tume hutangaza "uboreshaji wa Daftari la Kudumu", na hapa istilahi imeteleza. Mtu akisikia daftari ni la kudumu, huelewa kwamba jina lake litadumu humo. Akisikia kwamba daftari linaboreshwa, huelewa kwamba maofisa wanalitengeneza kitabu chao. Hapana neno hata moja katika fungu hilo linalomwambia, "Wewe uliyehama kutoka Kisaki kuja Matombo, njoo." Ofisini neno hilo halina kasoro, lakini kwa mkulima halitoi habari yoyote.

Jambo hili lilionekana tena mwaka 2024. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba ulikuwa na orodha yake ya wapiga kura, mbali na Daftari la Kudumu. Mwananchi mwenye kadi ya mpiga kura alikuwa na sababu nzuri ya kudhani kuwa amekwisha kujiandikisha, kumbe kuna daftari jingine. Maneno kujiandikisha na daftari yalitumika kwa vitabu viwili tofauti, na lugha ya matangazo haikuvitenganisha vya kutosha.

Kabla ya uchaguzi wa 2015 ziliingia mashine za kuandikisha kwa alama za vidole, na watu zaidi ya milioni 22 waliandikwa. Mashine hizo zilisaidia kuondoa majina yaliyorudiwa. Lakini vidole vilivyosuguliwa miaka 40 na mpini wa jembe husomeka kwa shida. Jembe lililokuwa alama ya kumwingiza mkulima katika uchaguzi wa 1965, sasa ndilo lililofuta alama ambayo mashine iliitaka.

Lipo pia jambo la kujivunia. Asiyeona amewekewa kifaa cha maandishi ya nukta nundu ili apige kura mwenyewe, bila ya kumtegemea mtu wa kumwonyesha. Na tazama uzuri wa istilahi yenyewe. Nukta nundu hueleza kitu kwa mguso: nukta iliyovimba. Mtu akisikia neno hili mara ya kwanza, kidole chake huelewa kabla ya akili. Hivyo ndivyo istilahi njema inavyofanya kazi.

Akili unde na jina lake

Sasa tumefika kwenye mashine ya zama zetu. Maneno matatu yamekuwa yakishindana kuitaja: akili bandia, akili mnemba na akili unde. La kwanza lilienea upesi, lakini lina ila kubwa, hasa katika uwanja wa uchaguzi. Sisi husema noti bandia, dawa bandia na kura bandia. Mwananchi akiambiwa kuwa akili bandia itasaidia kuhakiki daftari, atakuwa na haki ya kushtuka. La pili, kwa wengi, ni jina la kisiwa karibu na Unguja, wala maana yake haijulikani bila ya kuelezwa. La tatu, ambalo sasa limeshika nafasi katika maandishi mengi rasmi, latokana na kuunda. Mtu aundaye jahazi ajua kwamba chombo kimetoka mikononi mwa fundi, kwa mbao alizokuwa nazo. Jina hili halisifu wala halitukani. Linatukumbusha tuulize: nani ameiunda, na kwa mbao gani?

Mbao za mashine hii ni maandishi na sauti za watu. Hulishwa maandishi mengi mno, nayo hujifunza kukisia neno gani hufuata neno gani. Ndiyo maana yajua sana lugha zilizoandikwa sana. Kiswahili kimo, ingawa kwa uchache kuliko lugha za Ulaya. Kiluguru, chenye wasemaji wengi na maandishi machache, karibu hakimo. Mashine ikiulizwa kwa Kiluguru aghalabu hukisia, na ubaya wake ni kwamba hukisia kwa sauti ya mtu mwenye uhakika.

Hata hivyo manufaa yake yaweza kuwa ya kweli. Mashine yaweza kumsomea asiyeona ilani za vyama vyote. Yaweza kugeuza hotuba kuwa maandishi kwa asiyesikia. Yaweza kumjibu kwa simu, usiku wa manane, mtu aulizaye kituo chake kiko wapi. Mwezi wa Desemba 2023, huko India, hotuba ya Waziri Mkuu Narendra Modi iliyotolewa kwa Kihindi ilifasiriwa papo hapo kwa Kitamil kwa njia ya mashine. Bibi yetu wa Matombo angefurahi kupata mjukuu wa aina hiyo.

Lakini chombo hichohicho hughushi. Mwezi wa Januari 2024, katika jimbo la New Hampshire huko Marekani, wapiga kura walipigiwa simu na sauti iliyofanana na ya Rais Joe Biden ikiwashauri wasiende kupiga kura ya mchujo. Sauti hiyo iliundwa na mashine. Katika jamii inayoamini neno lililosemwa kuliko neno lililoandikwa, sauti ya kughushi ina hatari kuliko karatasi ya kughushi. Mzee aliyezoea kusema "nimemsikia kwa masikio yangu" atakuwa hana tena ushahidi.

Nasi tuna mafunzo ya nyumbani. Katika uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 daftari lilikuwa na majina zaidi ya milioni 37, idadi kubwa kuliko wakati wowote. Kwa hesabu, hapajapata kuwa na jumla iliyozidi hiyo. Lakini vyama viwili vikubwa vya upinzani havikuwa na mgombea wa urais katika karatasi ya kura. Siku ya kura kulizuka maandamano na ghasia, watu wakapoteza maisha, na intaneti ikazimwa nchini kwa siku kadhaa. Makala ya istilahi si baraza la kuhukumu mambo hayo. Lakini hata istilahi haiwezi kupita kando yake. Mashine ya kujibu maswali ya mpiga kura hunyamaza mtandao unapozimwa, na hapana mashine iwezayo kuongeza jina katika karatasi ambamo jina hilo halimo.

Jumuishi au shirikishi

Turudi kwenye swali letu. Jumuishi ni mtoto wa jamii na jumuiya; maana yake ni kukusanya vitu viwe fungu moja. Kitu hujumuishwa na mwingine. Gunia la mahindi hujumuishwa katika hesabu ya ghala, nalo haliulizwi. Shirikishi ni mtoto wa shiriki, nalo ni neno la ubia: mshirika ana fungu lake, ana sauti yake, na faida na hasara humhusu. Mtu hushirikishwa na mwenzake, lakini mwishowe hushiriki mwenyewe. Kiswahili kinatuonyesha tofauti hiyo katika vitenzi vyenyewe. Twasema "ninashiriki"; ni nadra mtu kusema "ninajumuika katika uchaguzi" akakusudia kwamba ana uamuzi.

Historia ya Matombo yote yaweza kupimwa kwa maneno haya mawili. Mpango wa matuta uliwajumuisha watu bila ya kuwashirikisha, na gharama yake ilikuwa uhai wa mtu. Kura tatu zilijumuisha rangi zote zikawaacha nje walio wengi. Jembe na nyumba, vikundi vya Mtu ni Afya na nukta nundu vilikaribia kushirikisha, kwa sababu vilianza na kitu ambacho mtu tayari anacho: mkono wake, kidole chake, mwenzake wa kijijini.

Basi kuhusu akili unde na uchaguzi, twapendekeza yafuatayo yafikiriwe na wenye dhamana:

(a) Uchaguzi jumuishi litumike pale tu panapozungumzwa hesabu na ufikiaji, yaani nani ameandikwa na nani amefikiwa. Pale panapodaiwa kwamba wananchi wamepata sauti, litumike neno uchaguzi shirikishi, na mwenye kulitumia awe tayari kuonyesha sauti hiyo ilisikiwa wapi.

(b) Fungu uboreshaji wa daftari libaki katika sheria na taarifa, lakini matangazo kwa umma yaseme waziwazi: kuandika wapya, kuhamisha waliohama, kufuta waliofariki. Mashine ya kujibu ilishwe maneno haya ya wazi, maana mashine iliyolishwa lugha ya ofisi itajibu kwa lugha ya ofisi.

(c) Kwa sauti na picha zilizoundwa ili kudanganya, yatumike maneno sauti ya kughushi na picha ya kughushi. Kughushi ni neno linalojulikana mahakamani na mtaani, na tayari lina uzito wa kosa.

(d) Mashine ifunzwe kusikia lugha za nyumbani, Kiluguru kikiwamo, na kujibu kwa Kiswahili chepesi. Agizo la 1965 lilihusu lugha ya kampeni, na hekima yake tunaiheshimu. Kumsikiliza mwananchi aulizaye kituo chake kwa lugha ya mama yake si kampeni. Umoja wa Taifa hauvunjwi na sikio.

(e) Kabla ya istilahi yoyote ya uchaguzi kuingizwa katika mashine, ijaribiwe vijijini. Yatosha kukaa na watu kumi gulioni Matombo na kuwauliza neno hili wanalielewaje. Tulipata funzo kwa kompyuta. Maneno ngamizi na tarakilishi yaliundwa kwa ustadi, lakini hapa kwetu watu waliendelea kusema kompyuta, kwa sababu hatukuwauliza mapema.

Hitimisho

Tumeona kwamba vyombo vya uchaguzi vimebadilika mara nyingi katika muda usiozidi umri wa mtu mmoja. Mtoto aliyezaliwa Matombo mwaka ule wa ghasia, 1955, amepata kuona jembe na nyumba, ndiyo na hapana, bendera za vyama, wino wa kidoleni, mashine ya vidole, na sasa anaambiwa kuna mashine itakayozungumza naye. Katika mabadiliko hayo yote yeye ametakiwa kujifunza lugha ya chombo. Ni mara chache chombo kimetakiwa kujifunza lugha yake.

Akili unde ni chombo cha kwanza ambacho, kwa umbile lake, chaweza kufunzwa lugha ya mtu. Ikiwa tutailisha maneno yaleyale yaliyowaacha watu uani, itayarudia kwa haraka zaidi na kwa sauti tamu zaidi. Ikiwa tutailisha maneno ambayo mkulima wa Matombo ameyakubali na kuyasahihisha, yaweza kuwa mfasiri mwema. Uamuzi huo hauwangoji mafundi wa mitambo peke yao. Unaanza katika meza zetu sisi waunda istilahi, kila tunapokaa kuchagua neno la kumwalika mwananchi katika jambo lililo lake.